Kina, Mkazo na Mpigo katika Muziki wa Kufokafoka wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Muziki wa kufokafoka, yaani rapu, ulianzia Bronx, New York, katika miaka ya 1970, nao ulifika Dar es Salaam katika muongo uliofuata. Mwaka 1991 Saleh Jabri alitia maneno ya Kiswahili katika mdundo wa "Ice Ice Baby", wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice. Kundi la Kwanza Unit, lililoundwa mwaka 1993, lilianza kufoka kwa Kiingereza kabla ya kuelekea kwenye Kiswahili, Mr. II (Joseph Mbilinyi) naye alikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi yake katikati ya miaka ya 1990. Historia hiyo inafahamika. Kisichopewa uzito unaostahili ni swali la kiarudhi: je, nyimbo hizi zipimwe kwa kipimo gani?

Wapo wanaozitoa nje ya ushairi kwa kuwa hazina mizani, na wapo wanaozikaribisha kwa hoja kwamba ni tawi la ushairi huru. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zinakosea, kwa sababu zinahesabu silabi pale ambapo zingepaswa kusikiliza mkazo.

2.0 Kina kinapohama

Kwa mujibu wa sheria zilizoratibiwa na K. Amri Abedi mwaka 1954, kina ni mlingano wa silabi ya mwisho. Silabi hiyo, konsonanti na irabu yake, ndiyo inayotazamwa. Kwa hiyo "kitabu" na "karibu" zina kina kimoja, -bu. Lakini katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, ukiondoa maneno machache ya mkopo. Maana yake ni kwamba kina cha mapokeo hukaa kwenye silabi isiyo na mkazo. Jambo hilo haliwi tatizo katika shairi linaloghanwa, kwa kuwa mghani huivuta silabi ya mwisho apendavyo.

Mfokaji hana nafasi hiyo. Yeye hufuata mpigo wa ngoma, na mpigo huita mkazo. Katika Kiingereza maneno mengi yanayofunga mstari ni ya silabi moja, hivyo kina na mpigo hukutana pamoja. Anayeutwaa mdundo huohuo na kuutilia maneno ya Kiswahili hugundua kwamba mpigo umekwisha kupita kabla kina hakijatamkwa. Suluhisho ni kukianza kina mapema, kwenye silabi yenye mkazo. Hapo "kitabu" na "karibu" huwa kina dhaifu, ilhali "kitabu", "adabu" na "taabu" hulingana kwa -abu nzima na kuliridhisha sikio.

Kinyume chake pia ni kweli. "Soko", "moto" na "mkopo" kwa sheria za mapokeo ni guni tupu: -ko, -to, -po. Katika kufokafoka hulingana vizuri, kwani irabu zote mbili, ya mkazo na ya mwisho, ni zilezile, na konsonanti zinazotofautiana, k, t na p, zote ni vipasuo visoghuna. Kinachoruhusiwa na sheria moja hukataliwa na nyingine. Mfano mgumu zaidi ni "mtu", ambamo mkazo huangukia nazali yenyewe. Kwa mapokeo neno hili lina mizani mbili na hulingana na "utu" bila shida; kwenye mpigo, hata hivyo, hakuna irabu ya kushika mkazo, na mlingano huo hupwaya.

Kuhusu mizani, inatosha kusema kwamba mpigo mmoja unaweza kubeba silabi mbili, nne au hata sita, na ukimya nao ni sehemu ya kipimo. (Kwamba ubeti wa rapu kwa kawaida huwa na vipande 16 vya muziki, na mshororo wa mapokeo mizani 16, ni sadfa tu.) Huu si ushairi huru wa Kichomi (1974), ambamo Kezilahabi aliacha vina na mizani kwa makusudi. Hapa mizani imeachwa, lakini kina kimekazwa.

3.0 Kiitikio na suala la unukuzi

Mapokeo hayakutupwa yote. "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay (2001) humleta mwanasiasa anayemwaga ahadi zinazozidi kuwa za ajabu, na umati humwitikia kwa maneno yaleyale ya anwani. Muundo huo unakumbusha ngonjera za Mnyampala, ila umepinduliwa: katika ngonjera, kukubali kwa mwishoni ni ishara ya kuelimika, hapa kukubali ndiko kunakodhihakiwa. Kejeli hukaa katika kutobadilika kwa jibu, na jibu lina mikazo miwili tu, *ndi* na *ze*, kila mmoja juu ya mpigo wake.

Yote haya hupotea wimbo unapoandikwa karatasini kama mishororo mitupu, kama inavyofanyika mara nyingi katika tasnifu. Mtafiti anayenukuu nyimbo hizi hana budi kuonyesha mahali pa mpigo, japo kwa alama ndogo juu ya silabi, pamoja na mahali pa ukimya. Kazi hiyo haingoji. Nyimbo nyingi za mwanzo zilisambazwa kwa kaseti, na utepe wa kaseti huchakaa. Maneno yanaweza kukusanywa kutoka vichwani mwa wasikilizaji, lakini uhusiano wa silabi na mpigo hauwezi kupatikana tena sauti ikishafutika.