Kugawana Gharama za Bomba la Maji na Majirani

Bomba kuu liko barabarani, nanyi mko nyumba tatu kwenye uchochoro mmoja. Mkivuta maji pamoja mnachimba mtaro mmoja badala ya mitatu. Swali ni nani alipe kiasi gani.

Anzeni na ofisi ya mamlaka ya maji ya eneo lenu. Ombeni upimaji na makadirio ya maandishi yanayoonyesha gharama ya kila kipande cha bomba. Ada ya kuunganishiwa na mita, kila mtu alipe yake.

Tuseme mita moja ya bomba, pamoja na kuchimba na kufukia, ni shilingi 6,000. Nyumba ya kwanza iko mita 60 kutoka barabarani, ya pili mita 120, ya tatu mita 300. Bomba moja hadi nyumba ya tatu ni jumla ya 1,800,000.

Kwa nini msigawane sawa? Kila mmoja angetoa 600,000, ilhali wa kwanza akivuta peke yake anatumia 360,000 tu. Atajitoa, na mzigo utawaelemea waliobaki.

Njia ya haki ni kila kipande kulipiwa na wanaokitumia. Kipande cha kwanza, 360,000, mnakitumia wote: kila mmoja 120,000. Cha pili, 360,000 nyingine, ni cha wawili: 180,000 kila mmoja. Cha mwisho, 1,080,000, ni cha wa tatu peke yake. Basi wa kwanza analipa 120,000, wa pili 300,000, wa tatu 1,380,000. Wa tatu asinung'unike: peke yake angelipa zote 1,800,000.

Hesabu hii inakubaliana na kanuni aliyoitoa mwanahisabati Mmarekani Lloyd Shapley mwaka 1953, katika elimu ya namna watu wanavyogawana faida na gharama za ushirikiano. Mwaka 2012 alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi.

Akija jirani wa nne karibu na nyumba ya kwanza? Kipande cha kwanza kigawanywe kwa wanne: atoe 90,000, na ninyi watatu mrudishiwe 30,000 kila mmoja.

Yote haya yaandikeni kabla jembe halijagusa ardhi: viwango, nani atalipia bomba likipasuka kipande kipi, na mgeni ataingiaje. Wekeni sahihi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kila nyumba ibaki na nakala. Risiti za fundi na za vifaa zitunzwe pamoja nayo.