SOMO LA UTUNZAJI WA MALI YA CHAMA: NATI ZA GURUDUMU ZILIZOKWAMA

Lori la chama ni mali ya kila mwanachama, hata yule ambaye hajapata kupanda ndani yake. Linaposimama njiani likiwa na mazao, kinachosimama si chuma peke yake, bali ni jasho la msimu mzima. Somo hili lahusu jambo linaloonekana dogo, nalo ni nati za gurudumu zinazokataa kufunguka. Limekusudiwa makatibu, wanakamati na wanachama wote, wala si madereva peke yao, kwa sababu chanzo cha nati kukwama mara nyingi hakiko njiani. Kiko katika usimamizi.

Mfano wa kujadiliwa

Chama cha msingi cha wakulima wa korosho kinapeleka magunia 100 kutoka ghala lake hadi ghala kuu, ambako korosho hupimwa na kupangwa madaraja kabla ya mnada. Ni mwezi wa Desemba na mvua zimeanza. Njiani, gurudumu la nyuma la upande wa kushoto linapata pancha. Utingo anaweka jeki, anainua lori, kisha anatia spana. Gurudumu linazunguka pamoja na spana. Analishusha, anachomeka bomba refu katika mpini wa spana, anazungusha kuelekea kushoto kama alivyozoea, na nati haitikisiki. Anapanda juu ya bomba na kuruka. Bolti ya kwanza inakatika, kisha ya pili.

Lori linalala hapo siku mbili. Turubai lina tundu, na magunia 30 yanalowa. Korosho iliyotoka nyumbani ikiwa daraja la kwanza inapokelewa kuwa daraja la pili. Kamati inakutana na kutaka utingo akatwe mshahara. Ndipo mwanachama mmoja anauliza: "Ni nani aliyezikaza nati hizo mara ya mwisho, na ni nani aliyeshuhudia?" Hakuna ajuaye. Vocha ya gereji imeandikwa "matengenezo ya gurudumu" tu, nayo ililipwa bila swali.

Kwa nini nati hukwama

Sababu kubwa ni nne. Ya kwanza ni kutu, hasa gurudumu likikaa muda mrefu bila kufunguliwa. Ya pili ni mchanga na matope yanayoingia katika hesi, yaani mizunguko iliyochongwa ndani ya nati na juu ya bolti. Ya tatu ni nati kuanzishwa kombo, ikalazimishwa kupanda juu ya hesi badala ya kufuata njia yake. Ya nne, iliyo mbaya kuliko zote, ni kukaza kupita kiasi, ama kwa mashine ya upepo ama kwa kurukia spana. Bolti iliyokazwa mno hunyooka, hesi zake huharibika, na siku ya kufungua hukatika.

Hatua za kufungua

1. Lori lisimamishwe mahali pagumu na tambarare, livutwe breki ya mkono, litiwe gia, na magurudumu mengine yazuiwe kwa kabari au mawe makubwa, mbele na nyuma. Watu wote washuke.

2. Nati zilegezwe kabla ya jeki kuinua gurudumu. Gurudumu likiwa ardhini, uzito wa lori hulizuia lisizunguke. Kila nati ilegezwe kidogo tu, isitolewe. Baada ya hapo lori liinuliwe, na mtu yeyote asiingie chini yake likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake.

3. Upande wa kuzungushia ujulikane kwanza. Nati nyingi hufunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Lakini malori mengi ya Kijapani yaliyoundwa kabla ya mwaka 2010, kama yalivyokuwa malori ya Bedford ya Uingereza, yana hesi za kinyume katika magurudumu ya upande wa kushoto. Hizo hufunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Mara nyingi mwisho wa bolti huwa na alama ya herufi L kwa kushoto na R kwa kulia. Utingo wa mfano wetu hakuwa akifungua; alikuwa akikaza kwa uzito wake wote.

4. Hesi zinazoonekana zisuguliwe kwa brashi ya waya, kisha yatiwe mafuta mepesi ya kupenya. Yakikosekana, mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo yatasaidia. Yaachwe kwa nusu saa au zaidi. Muda huo haupotei, maana mafuta yanaingia mahali ambapo nguvu za mkono haziwezi kufika. Yasiachwe yachuruzike hadi kwenye breki.

5. Nati igongwe kwa nyundo ubavuni, mapigo mepesi mengi, ili kutu ilegee. Mwisho wa bolti usigongwe, kwa sababu hesi zake zitabonyea na nati haitapita.

6. Spana iwe ya kipimo halisi na iingie mpaka mwisho. Spana iliyolegea hula pembe za nati, na nati iliyokuwa na shida moja huwa na shida mbili.

7. Mpini urefushwe kwa bomba imara. Mtu akisukuma kwenye ncha ya mpini wa nusu mita, kisha akasukuma vile vile kwenye ncha ya mpini wa mita moja, nguvu ya kuzungusha huwa mara mbili ingawa mkono ni ule ule. Mpini ulale sawa na ardhi, na uzito wa mwili uongezwe polepole bila kuruka. Nati ikikataa, ikazwe kidogo sana kwanza ili kutu ivunjike, kisha irudishwe upande wa kufungulia.

8. Nati ambayo pembe zake zimekwisha hupasuliwa kwa tindo kali, likielekezwa ubavuni mwa nati, mbali na bolti. Kazi hii hurusha vipande vya chuma, hivyo afanyaye avae miwani ya kukinga macho. Asiyepata kuifanya amwachie fundi.

Moto usitumike

Wako wanaowasha moto au gesi ili nati ipanuke. Hatari yake haionekani kwa macho. Rimu ikipata joto, mpira uliomo huanza kuungua kwa ndani, gesi hujaa, na tairi laweza kulipuka kwa nguvu ya kuua. Hata kutoa upepo hakuondoi hatari yote. Kwa hiyo moto usikaribishwe kwenye gurudumu lenye tairi. Bora mzigo uhamishiwe gari jingine na fundi aitwe, kuliko chama kuzika mtu kwa sababu ya nati.

Kufunga vizuri ndiko kufungua kwa kesho

Hesi na uso wa rimu visafishwe. Kila nati ianzishwe kwa vidole, si kwa mashine. Nati zikazwe kwa kukabiliana, moja ya huku na nyingine ya ng'ambo, ili gurudumu likae sawa. Kiasi cha kukaza na mahali pa kutia oili vifuatwe katika kitabu cha gari, kwa sababu magari hayafanani: yako yanayotaka tone la oili na yako yanayotaka hesi kavu. Baada ya mwendo wa kilomita 50 hadi 100 nati zikaguliwe tena, kwani gurudumu lililofungwa upya huweza kulegea. Bolti iliyokatika ibadilishwe mapema, pamoja na zile mbili za jirani zilizobeba mzigo wake. Zikikatika mbili au zaidi katika gurudumu moja, zibadilishwe zote.

Wajibu wa katibu na kamati

Katibu si lazima awe fundi, lakini yampasa awe muulizaji. Gurudumu linapofunguliwa, daftari la gari lioneshe tarehe, gurudumu gani, aliyelifunga na aliyekagua baada ya safari ya kwanza. Vocha ya gereji isiyotaja kazi iliyofanywa isipitishwe. Sanduku la zana liwe na orodha iliyotiwa saini na dereva: jeki, spana ya kipimo cha lori hilo, bomba, brashi ya waya, mafuta ya kupenya, kabari na turubai zima. Orodha hiyo ikaguliwe kabla ya msimu, si baada ya hasara.

Tukirudi kwenye mfano, utingo alikosea, lakini kosa lake lilikuwa la mwisho katika mnyororo. Kabla yake alikuwako fundi aliyekaza kupita kiasi, katibu aliyelipa bila kuuliza, na kamati iliyompa mtu lori bila kumwonesha maana ya herufi L. Kumkata mshahara hakurudishi daraja la korosho wala hakuzuii jambo lile lile msimu ujao. Hasara ya magunia 30 iliwaangukia wanachama wote, na dawa yake iko mikononi mwa wote.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Nati za magurudumu ya kushoto ya lori la chama chenu hufunguka kwa kuzungushwa upande gani? Nendeni mkaangalie.
2. Daftari la gari linaonesha nini kuhusu gurudumu lililofunguliwa mara ya mwisho?
3. Ni zana zipi zilizoandikwa katika orodha lakini hazimo katika sanduku, na ni nani aliyepewa kuzitunza?
4. Kama mngekuwa wanakamati wa chama cha mfano huu, mngeamua nini?