Jumanne: Mzigo wa Msafiri

Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya Appalachian nchini Marekani, kutoka Georgia hadi Maine: zaidi ya kilomita 3,000 za milima na misitu. Hakuwa na hema. Begani alibeba mfuko alioushona mwenyewe, wenye blanketi na pazia la plastiki la kumkinga na mvua. Usiku wa baridi alipasha mawe moto akayalalia. Jioni nyingine alibisha hodi kwa watu asiowajua. Wengine walimkaribisha, wengine walimkatalia. Hivyo mzigo wake ulikuwa mwepesi, lakini alihitaji milango ya watu.

Tafakari: Msafiri akibisha hodi kwako leo jioni, atapokelewaje?