Teke Lipigwe kwa Sehemu Gani ya Mguu?

Anayejifunza karate au taekwondo akipiga teke kwa ncha za vidole, huumia yeye kabla ya mpinzani. Kwa teke la mbele, vidole vikunjwe kuelekea juu ili kinachogonga kiwe sehemu nene ya unyayo iliyo nyuma tu ya vidole. Hapa ndipo wengi hukosea, hasa wakichoka: vidole hulegea na kuteguka.

Teke la kuzungusha lina utata zaidi. Katika mashindano ya taekwondo, wengi hutumia sehemu ya juu ya mguu kwa kuwa hufika mbali upesi, na sheria hukubali sehemu yoyote iliyo chini ya kifundo. Lakini mifupa ya hapo ni membamba na haina nyama ya kuikinga. Ikigonga kiwiko cha anayejihami, yaweza kuvunjika. Wanaofanya mazoezi wawili wawili wavae vikinga miguu.

Teke la nyuma ni la kisigino, ambacho ni imara.

Mguu ukivimba na usiweze kukanyagia, usikandwe. Mwanafunzi apelekwe hospitali akapigwe eksirei.