Paka amekufa, na Krismasi ndiyo hii

Wadogo zangu, mwezi Juni mnaniuliza habari za wachumba na mikopo. Ikifika Desemba swali huwa moja, kila mtu akiliuliza kwa namna yake: nifanye nini na huzuni yangu wakati watu wote wanasherehekea? Mwaka huu nimechagua barua tatu na nitazijibu pamoja. Kaka mmoja mwenye asili ya Rombo, anayefanya kazi Dar es Salaam, alimzika mama yake mwezi Agosti, na hii ndiyo Krismasi ya kwanza atakayofika nyumbani asimkute. Mama wa Morogoro, mbwa wao amegongwa na bodaboda, na mwanawe wa miaka mitano anauliza kila siku kama atarudi kabla ya sikukuu. Na binti muuguzi, anayeishi peke yake katika chumba cha kupanga Mwanza, ameandika karatasi mbili nzima kuhusu paka wake aliyekufa, halafu mwishoni akaniomba radhi kwa kunipotezea muda.

Nianze na huyo aliyeomba radhi.

Mdogo wangu, hujanipotezea muda hata kidogo. Umeniambia paka huyo alikuwa anatambua mlio wa funguo zako ukirudi zamu ya usiku, akakaa nyuma ya mlango kukusubiri. Umeniambia ukienda sokoni bado unaagiza fungu la pili la dagaa, kisha ndipo unakumbuka. Ukampigia shangazi yako, akakujibu, "Paka tu huyo, utapata mwingine." Ukakata simu ukalia upya. Na jambo lililonigusa zaidi ni kwamba unaona aibu, kwa sababu wodini unawaona watu wakifiwa na watoto wao, nawe usiku unarudi kulilia paka.

Sikiliza dada yako. Machozi uliyomlilia paka hukumnyang'anya mgonjwa yeyote. Umekaa na wafiwa wodini, umewafunika maiti shuka, umeshika mikono ya watu usiowajua, kisha ukavua sare ukarudi kwenye chumba ambacho kiumbe mmoja alikusubiri bila kukuuliza kitu. Alipokaa mapajani mwako ndipo mwili wako ulipopata ruhusa ya kupumzika. Sasa hayupo, na mizigo yote uliyokuwa unaitua kwake inakurudia kwa pamoja. Ndiyo maana kilio chako kinakuzidi. Humo ndani wapo pia wagonjwa ambao hukupata nafasi ya kuwalilia mwaka mzima, na si dhambi wakipata machozi yao sasa.

Tena fikiria hili. Ndugu wengi tunaonana nao mara moja kwa mwaka, kwenye harusi au msiba. Mnyama wa nyumbani unaonana naye asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Kwa hiyo akifa, anakosekana mara nyingi kwa siku: ukifungua mlango, ukiosha sufuria, ukiketi kitandani. Mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, alihariri kitabu mwaka 1989 kuhusu huzuni ambazo jamii haizipi nafasi, yaani zile ambazo mtu hapewi pole, hapewi ruhusa kazini, wala hapikiwi uji. Kufiwa na mnyama ni mojawapo. Huzuni ya namna hiyo humchosha mtu mara mbili, kwa sababu anahuzunika na papo hapo analazimika kuificha.

Na kama kuna anayekuambia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, mwombe afungue Samweli wa Pili, sura ya 12. Nabii Nathani alipotaka kumwonyesha Mfalme Daudi ubaya wake, alimsimulia habari za maskini mwenye kondoo mmoja tu, aliyekula chakula chake, akanywea kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Daudi alisikia hadithi hiyo akawaka hasira kwa ajili ya yule maskini. Hakuuliza mbona anamlilia kondoo. Jirani zetu Waislamu nao wana Abu Huraira, sahaba wa Mtume aliyejulikana kwa lakabu hiyo kwa sababu ya kupenda paka. Mapenzi haya ni ya zamani, na hayana haja ya kuombewa radhi.

Sasa niseme na mashangazi, wajomba na kaka mtakaowapokea vijana wenu mwezi huu. Mtoto wenu akishuka kwenye basi na macho yamevimba, msimwambie "utapata mwingine". Mwulizeni huyo mnyama alikuwaje. Mpeni dakika kumi ayasimulie mambo yake, hata yale ya kuchekesha, kisha endeleeni kuchambua mchele. Hamhitaji kufanya zaidi ya hapo, na nawahakikishia mtamwona anakunjuka.

Kaka wa Rombo, nimekufikia. Umesema unafikiria usipande basi mwaka huu. Mabasi yatajaa pale Mbezi Luis, watu watapanda na magunia na madumu, utafika nyumbani na kumkuta kila mtu isipokuwa yule uliyekuwa unamfuata. Unaogopa pia kwamba ukilia utawaharibia wenzio sikukuu.

Mimi naona nyumbani kwenu ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kwenda na huzuni hiyo. Uchaggani wafu hawakupelekwa mbali. Makaburi yapo kihambani, kati ya migomba na kahawa, hatua chache kutoka mahali mbuzi anapochomwa na mbege inapozungushwa. Familia nyingi zikishakutana mwezi Desemba hupalilia makaburi, hupaka chokaa, huweka maua na mishumaa, husali, halafu hurudi mezani. Wazee wenu hawakuona ajabu kulia saa nne na kula nyama saa saba. Watoto hukimbia kati ya makaburi hayo wakichezea maputo na hakuna anayewafukuza. Kama kuna ugomvi katika ukoo, jani la isale hutolewa, watu wakasameheana, na kaburi lipo hapo hapo linasikiliza. Panda basi, kaka. Ukifika, usisubiri watu wengine waanze kumtaja mama. Mtaje wewe. Waulize dada zako nani atapika kile alichokuwa anapika yeye, na kama hakuna anayekiweza, mkijaribu pamoja jikoni mtalia na kucheka kwa wakati mmoja.

Huo hautakuwa uvunjaji wa Krismasi. Tazameni kalenda ya Kanisa lenyewe. Tarehe 25 tunaimba tumevaa nguo mpya. Tarehe 26, kabla nyama haijaisha, tunamkumbuka Stefano aliyepigwa mawe hadi kufa. Tarehe 28 ni Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode, na Injili ya Mathayo inamtaja Raheli anayewalilia watoto wake akikataa kufarijiwa. Siku zote hizo mbili padri huvaa nyekundu, rangi ya damu. Walioipanga kalenda hii waliweka kilio ndani ya wiki ya shangwe, na Raheli hakuambiwa anyamaze kwa sababu ni sikukuu. Nikisikia mtu anaambiwa "usitulilie siku ya Krismasi", hunikera kwa kweli, maana anayesema hivyo anadai furaha ambayo hata Injili haikuidai.

Mama wa Morogoro, suala lako ni la haraka kwa sababu ulishamwambia mtoto kwamba mbwa amesafiri. Naelewa ulitaka kumpunguzia maumivu. Lakini huu ni mwezi wa safari. Babu anakuja na basi, shangazi anakuja na basi, na kila aliyesafiri anarudi na zawadi. Mwanao anahesabu kwamba mbwa naye atashuka siku yoyote. Mkalishe leo umwambie: mbwa wetu amekufa. Mwili wake uliumia sana, ukaacha kufanya kazi, hapumui, haumwi tena, na hatarudi. Tumia neno "amekufa". Ukisema amelala, mtoto anaweza kuogopa kulala yeye mwenyewe. Watoto wa umri huo mara nyingi hudhani kifo ni jambo la muda, kwa hiyo atakuuliza tena kesho, na keshokutwa, kama kwamba hukumwambia. Mjibu maneno yale yale kwa upole. Usishangae pia akilia kidogo kisha akaomba soda. Mtoto huhuzunika kwa vipande vifupi, akaenda kucheza, akarudi. Mwache achore picha, au achague jiwe la kuweka pale mlipomzika. Na kama atakuuliza kama mbwa amekwenda mbinguni, mjibu kadiri ya imani ya nyumba yenu, na kama hujui, mwambie hujui.

Niongeze neno kuhusu maziko yenyewe, kwa maana watu wengi huufunga mzoga kwenye mfuko na kuutupa jalalani, kisha hukaa na donge la majuto. Mzikeni. Chimbeni shimo refu kiasi ambacho mbwa wengine hawawezi kufukua, mbali na kisima. Kama alikula sumu, kuzika ni lazima, vinginevyo atakayeula mzoga naye anaweza kufa. Lakini kama mnyama alibadilika tabia kabla ya kufa, akawa mkali ghafla, akang'ata ovyo, akatoa udenda mwingi, akapooza taya au miguu, basi msimguse wala msiwaite watoto kumuaga. Mwiteni daktari wa mifugo, maana hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama ni tarehe 25. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, ila chanjo ikiwahi humwokoa. Hapa sitaki mtu anione nimekuwa mkali. Ni kwa sababu nawapenda.

Nanyi ambao wanyama wenu bado wapo, sikukuu ina hatari zake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo. Vitunguu maji na vitunguu saumu vilivyomo kwenye pilau huharibu damu ya mbwa na paka. Chokoleti ni sumu kwao, na zabibu kavu za kwenye keki zinaweza kuua figo za mbwa. Waambieni wageni wasirushe makombo. Usiku wa Mwaka Mpya, fataki zikianza kulia, mbwa wengi huruka ukuta na kukimbia hadi wakapotea au kugongwa. Mwingizeni ndani mapema, fungeni madirisha, washeni redio, na mtu mmoja akae naye.

Mama wa Morogoro umeuliza pia kama ununue mbwa mdogo haraka, awe zawadi ya Krismasi kwa mtoto. Nakuomba usubiri. Mtoto akipewa mwingine kabla hajamlilia wa kwanza, anajifunza kwamba aliyekufa hana haja ya kukumbukwa, na mbwa mdogo anaingia nyumbani akiwa na deni la kufanana na mwenzake. Nyumba ya sikukuu nayo imejaa watu na kelele, si mahali pa mtoto wa mbwa aliyetoka kwa mama yake jana. Na wale ambao mbwa wao alikufa kwa ugonjwa wa parvo wajue kwamba virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata kufikia mwaka. Usimlete mbwa mdogo kwenye uwanja huo kabla hajamaliza chanjo zake.

Nirudi kwako muuguzi, kwa sababu sikumaliza kuijibu barua yako. Umesema shangazi huyo huyo, pengine baada ya kujutia maneno yake, amekutumia ujumbe kwamba paka wake amezaa na amekutengea mtoto mmoja, umchukue tarehe 26 ukienda kuwasalimia. Unaona vibaya kukubali na unaona vibaya kukataa. Shangazi yako anakupenda, na hiyo ndiyo njia yake ya kuomba samahani, kwa hiyo nenda. Kula pilau yake, mbebe huyo paka mdogo, na ukilia mbele yake usijifute haraka. Kisha mwambie akae naye kwanza. Kwa hesabu uliyonipa ana wiki nne tu, na paka mdogo anafaa kubaki na mama yake angalau hadi wiki nane, kwa hiyo humkoseshi shangazi kitu chochote. Mwisho wa Januari mpigie simu. Ikiwa siku hiyo unamtaka huyu kwa sababu ya huyu mwenyewe, kamchukue, umpeleke kwa daktari wa mifugo akapate chanjo, umpe jina jipya na bakuli jipya. Ikiwa bado unamtafuta yule wa kwanza, mwambie shangazi ampe jirani, nawe endelea kuomboleza bila kumwomba mtu yeyote radhi.

Dada yenu.