SOMO KWA WAVUVI: MABAMBA YA KUSAWAZISHA MASHUA

Wahenga wa pwani walisema, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Walisema hayo zamani za tanga na makasia, lakini mvuvi wa leo aendaye kwa injini ayahitaji maneno yale yale. Katika somo hili twapenda kueleza habari za mashua ndogo inayokaa kwa tezi na kuinua omo: kwa nini jambo hilo ni la hatari, na jinsi ya kulitengeneza, kwanza bila gharama, na kisha, ikiwa bado, kwa kufunga mabamba ya kusawazisha.

UGONJWA WENYEWE

Tumwangalie mvuvi mmoja aondokaye ufuoni alfajiri. Mashua yake ni ya faiba, urefu wake futi 18, na injini ya nje imefungwa kwenye ubao wa tezi. Yeye mwenyewe ameketi tezini, ameshika mkono wa injini. Madebe ya petroli yako miguuni pake, na sanduku la barafu limewekwa karibu naye ili lisimsumbue mwenziwe atengenezaye nyavu. Aongezapo mwendo, tezi huzama na omo huinuka. Injini hunguruma kwa nguvu, lakini mashua haiendi kwa kadiri ya kelele zake.

Hasara za hali hiyo ni tatu. Kwanza, petroli huteketea bure, kwa kuwa injini husukuma maji badala ya kuisukuma mashua. Pili, tezi iliyo chini hukaribisha maji. Mwendo ukikatwa kwa ghafula, wimbi lililokuwa likiifuata mashua huifikia na kumwagika ndani. Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote, mshika injini haoni mbele. Omo lililoinuka humficha mtu aliye katika hori au mtumbwi mdogo, ameinama avuta mshipi wake. Mtu huyo hawezi kukimbia, maana kafi halishindani na injini. Awezaye kuzuia ajali ni mwenye injini peke yake. Basi kulishusha omo si anasa. Ni haki ya jirani yako baharini.

KWA NINI OMO HUINUKA

Kila chombo kiendapo hufanya mawimbi, moja omoni na jingine nyuma yake. Mwendo ukizidi, nafasi iliyo baina ya mawimbi hayo hurefuka, mpaka chombo chote kikawa kimelala katika wimbi moja. Kwa mashua yenye urefu wa futi 16 kwenye mstari wa maji, hali hiyo hufika katika mwendo wa kiasi cha maili 5 na nusu za baharini kwa saa. Kupita hapo, mashua huwa inapanda kilima cha maji iliyokifanya yenyewe.

Mashua yenye tako bapa na injini ya nguvu ya kutosha huweza kukipanda kilima hicho, ikakishinda, kisha ikalala sawasawa na kuteleza juu ya maji. Dau, ngalawa, na mashua yenye tako la mviringo na injini ndogo haviwezi kufanya hivyo, kwani havikuundwa kwa mwendo huo. Jambo hili lafaa likumbukwe sana na mwenye fedha mkononi: mabamba ya kusawazisha huifaa mashua iwezayo kuteleza. Kwa chombo cha mwendo wa pole, mabamba yataburura maji tu na kumpunguzia mwenyewe mwendo aliokuwa nao.

DAWA ZISIZO NA GHARAMA

Kabla ya kutoboa tundu hata moja, yampasa mvuvi ajaribu mambo manne haya.

1. Ahamishe mizigo. Lita 40 za petroli zina uzito wa kiasi cha kilo 30, na sanduku lililojaa barafu na samaki laweza kupita uzito wa mtu mzima. Mizigo hiyo ikisogezwa hatua mbili mbele, ikakaa katikati ya mashua, tezi huinuka papo hapo. Yote ifungwe isiteleze.

2. Ajisogeze mwenyewe. Mshika injini naye ni mzigo. Mkono wa injini ukirefushwa kwa kifaa imara kilichofanywa kwa kazi hiyo, ataweza kukaa mbele kidogo na kuona vizuri zaidi.

3. Atazame pembe ya injini. Injini nyingi ndogo zina kipini cha chuma kipitacho katika matundu ya kishikio chake. Kipini kikihamishwa tundu moja kuelekea ubao wa tezi, mguu wa injini husogea karibu na mashua, na omo hushuka. Kikihamishwa kuelekea nje, omo huinuka. Kazi hii ifanywe injini ikiwa imezimwa.

4. Atazame kimo cha injini. Bamba dogo lililo juu ya rafadha, ambayo wengine huiita panga, aghalabu lafaa kuwa sawa na tako la mashua. Injini ikiwa chini mno huburura maji. Ikiwa juu mno, rafadha huvuta hewa na kuzunguka bure.

Wavuvi wengi watakuta ya kuwa dawa hizi zatosha. Ikiwa mashua bado yainua omo, au yalala upande mmoja, ndipo yafaa kufikiri habari za mabamba.

MABAMBA YENYEWE NA VIPIMO VYAKE

Mabamba ya kusawazisha ni vipande viwili vya chuma kisichopata kutu, kimoja kila upande wa injini. Ukingo wa mbele wa bamba hufungwa kwa bawaba chini kabisa ya ubao wa tezi, na ukingo wa nyuma huwa huru kupanda na kushuka. Bamba likishushwa, maji yapitayo kwa nguvu chini ya mashua hulipiga na kulisukuma juu, nalo huinua tezi. Tezi ikipanda, omo hushuka.

Kuna namna mbalimbali. Mengine hushushwa kwa mkono wa umeme wa betri, mengine kwa mafuta yanayosukumwa na pampu, na mengine hurekebishwa kwa skurubu kabla ya safari. Kwa mashua ndogo isiyo na betri, yale ya skurubu hutosha, lakini mvuvi ajue ya kuwa hataweza kuyabadili akiwa njiani.

Katika kuchagua ukubwa, mafundi wana kanuni nyepesi: kila futi moja ya urefu wa mashua yataka inchi moja ya upana wa bamba kwa kila upande. Kisha hupima kama nafasi ipo. Tuirudie mashua yetu ya futi 18, ambayo ubao wake wa tezi una upana wa futi 5 kwa chini, yaani inchi 60. Nusu yake ni inchi 30. Toa inchi 4 kutoka ukingo wa nje, ili bamba lisitokeze pembeni. Toa tena inchi 8 kutoka mstari wa katikati wa injini, ili maji yaendayo kwenye rafadha yasivurugwe. Zimebaki inchi 18, ndizo zile zile zinazotakiwa na kanuni. Nafasi ikipungua, usilazimishe; chukua mabamba yaliyo mafupi kwa upana na marefu zaidi kwenda nyuma.

JINSI YA KUYAFUNGA

Mashua ipandishwe nchi kavu, iwekwe juu ya magogo pasipo kuyumba, na ubao wa tezi usuguliwe mpaka uwe safi na mkavu. Fundi aushike bamba mahali pake, ukingo wake wa mbele ukiwa juu ya ukingo wa tako kwa kiasi cha robo inchi, kisha atie alama za matundu kwa kalamu. Apime pande zote mbili kutoka katikati, apime tena, kwa maana tundu lililokosewa halifutiki.

Kabla ya kutoboa, atazame ndani ya tezi, asije akatoboa tangi, waya au bomba. Keekee iwe na ncha nyembamba kuliko skurubu. Katika mashua ya faiba, mdomo wa tundu upanuliwe kidogo, ili ganda la juu lisipasuke skurubu ikazwapo.

Sasa tumefika mahali ambapo kazi nyingi huharibika. Tezi nyingi za faiba zina mbao ndani yake, nazo hazionekani. Tundu lisilozibwa vema hupitisha maji kidogo kidogo. Hutaona maji hayo ngamani, kwa sababu yanywewa na mbao. Mbao huoza polepole, hali nje rangi yang'aa kama mpya, na ubao ule ule ndio unaoibeba injini. Kwa hiyo kila tundu lijazwe gundi ya kuzuia maji iliyotengenezwa kwa matumizi ya chini ya maji, na gundi hiyo ipakwe pia nyuma ya bawaba, kabla skurubu haijakazwa. Ikitokeza pembeni pande zote, ni dalili njema. Ikiwa ubao umekwisha kulainika, usifunge kitu. Ubao utengenezwe kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Skurubu ziwe za chuma kisichopata kutu. Shaba isigusane na alumini, kwa kuwa katika maji ya chumvi alumini italiwa upesi. Mashua inayolala majini siku zote yafaa ifungiwe kipande cha zinki juu ya bamba, ili zinki iliwe badala ya bamba. Zinki hiyo isipakwe rangi. Katika maji yasiyo na chumvi, kama ya Ziwa Victoria, hutumiwa magnesi badala ya zinki.

Mwisho, fundi aweke rula ndefu chini ya tako la mashua, itokeze nyuma. Bamba likipandishwa lote, ukingo wake wa nyuma uwe juu kidogo ya rula hiyo. Gundi iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa juu ya chombo chake, ndipo mashua ishushwe majini.

JINSI YA KUYATUMIA

Siku ya kwanza yajaribiwe penye maji matulivu na mapana, mabaharia wamevaa jaketi za kuokolea, na kamba ya kuzimia injini imefungwa kwa mwenye kuiongoza. Anza mabamba yakiwa juu. Ongeza mwendo, kisha yashushe kidogo kidogo, ukingoja kila mara mashua ijibu. Omo likishuka na mwendo ukizidi bila ya kuongeza moto, umefika mahali pake. Yenye skurubu hurekebishwa kidogo, mashua ikiwa imesimama na injini imezimwa, kisha hujaribiwa tena.

Mashua ikilala upande wa kulia, shusha bamba la kulia. Ikilala upande wa kushoto, shusha la kushoto. Upande unaolala ndio unaoinuliwa.

Mawimbi yakija kutoka mbele, omo lishushwe kiasi, likate maji pasipo kupigapiga. Lakini mawimbi yakitoka nyuma, mabamba yote mawili yapandishwe juu kabisa. Neno hili litiwe moyoni na kila mvuvi arudiye kupitia mlango wa mwamba wakati wa kusi, hali bahari yamsukuma kwa nyuma. Omo lililoshushwa mno huchoma maji ya mbele na kuyashika. Tezi husukumwa na wimbi, mashua hugeuka ubavu, na wimbi lifuatalo huipindua. Mwenye mabamba ya skurubu, asiyeweza kuyapandisha njiani, ayaweke juu kabla ya kuondoka siku ambayo bahari ni mbaya. Ni heri kupoteza petroli kidogo kuliko kupoteza watu.

HADHARI KWA MVUVI

Nyavu na mishipi hunasa katika mabamba kwa urahisi. Basi nyavu zivutwe kwa ubavu au kwa omo, wala si kwa tezi. Mabamba yapandishwe kabla ya kufika ufuoni, na kabla ya kuiacha mashua mahali ambapo maji yatakupwa, kwa maana mashua ikikalia mchanga mabamba yakiwa chini, yatapinda pamoja na mikono yake. Mtu asiyakanyage apandapo kutoka majini. Kila mwezi skurubu zikaguliwe, na konokono wa baharini wakwanguliwe.

Tena mabamba hayaongezi uwezo wa mashua kuchukua mzigo. Chombo kilichojazwa kupita kiasi chaweza kuonekana kimekaa sawa kiendapo mbio, kwa kuwa maji yakiinua. Injini izimikapo, mabamba hayana nguvu tena, na uzito wote hurudi mahali pake. Kwa hiyo mashua ipakiwe kana kwamba injini itazimika njiani.

Ndiyo maana tumeanza na maneno ya wahenga. Kabla ya kwenda dukani kutafuta chuma cha tezi, mvuvi na atazame kwanza ngama yake: mzigo uko wapi, na maji yametoka wapi. Akiisha kuyatengeneza hayo, mabamba yatamfaa, na ataweza kumwona mwenye hori aliye mbele yake.