Kuunganisha Kompyuta za Linux na Seva Kuu ya Akaunti

Chukua maabara ya shule yenye kompyuta 20 za mezani zinazotumia Ubuntu, na wanafunzi 300. Kama kila kompyuta inatunza akaunti zake yenyewe, mwalimu anayetaka mwanafunzi aweze kukaa popote atafungua akaunti 300 mara 20, yaani akaunti 6,000. Mwanafunzi akibadili nenosiri kwenye kompyuta moja, lile la zamani linaendelea kufanya kazi kwenye 19 zilizobaki. Akihama shule, akaunti yake ifutwe mara 20, na ikisahaulika moja tu, mlango umebaki wazi. Dawa yake ni seva moja inayotunza akaunti zote, na kompyuta nyingine ziiulize hiyo.

Hadi hapo watahiniwa hujibu vizuri. Alama hupotea pale swali linapotaka ueleze kompyuta ya Linux huiuliza seva kitu gani hasa.

Huiuliza maswali mawili. La kwanza: asha ni nani? La pili: je, aliyekaa hapa ni asha kweli? Swali la kwanza ni la utambulisho, la pili ni la uthibitishaji. Kwenye Linux maswali haya hushughulikiwa na sehemu mbili tofauti za mfumo, kwa hiyo moja inaweza kufanya kazi huku nyingine imekwama.

Utambulisho

Linux humjua mtumiaji kwa namba iitwayo UID. Jina ni kwa faida yetu sisi binadamu. Akaunti za ndani ya kompyuta huorodheshwa kwenye faili /etc/passwd. Kwenye Ubuntu mtumiaji wa kwanza wa kawaida hupewa namba 1000, anayefuata 1001, na kuendelea.

Hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Tuseme kwenye kompyuta ya 1 Asha alipewa 1001, na kwenye kompyuta ya 2 aliyepewa 1001 ni Juma. Wote wawili wanahifadhi kazi zao kwenye seva ya mafaili kwa njia ya kawaida ya NFS, inayoamini namba inayoletwa na kompyuta. Faili la Asha limeandikwa kuwa mmiliki wake ni 1001. Juma akiingia kwenye kompyuta ya 2, anafunguliwa faili hilo kama lake, anaweza hata kulifuta. Hakuna nenosiri lililoibwa. Ni namba zimegongana. Akaunti zikitoka kwenye seva kuu, Asha anakuwa na UID moja kwenye kompyuta zote zilizowekwa mipangilio ileile.

Sehemu inayojibu swali hili inaitwa NSS, na mpangilio wake uko kwenye faili /etc/nsswitch.conf. Tazama mstari huu:

passwd: files sss

Maana yake: tafuta kwanza kwenye mafaili ya ndani, usipopata muulize SSSD. SSSD ni programu inayozungumza na seva kwa niaba ya kompyuta, mara nyingi kwa itifaki ya LDAP, ambayo hutumia mlango 389, au 636 mawasiliano yanapofichwa tangu mwanzo. Mpangilio huo una sababu: mafaili ya ndani yakitangulia, akaunti ya msimamizi itafanya kazi hata kebo ya mtandao ikichomoka. Kwa hiyo akaunti moja ya ndani ibaki daima.

Uthibitishaji

Hapa anayehusika ni PAM, ambaye mipangilio yake iko kwenye saraka /etc/pam.d. PAM hupokea nenosiri na kulikabidhi kwa SSSD, kisha SSSD huthibitisha kwa seva, kwa kawaida kupitia Kerberos, mfumo uliobuniwa MIT nchini Marekani miaka ya 1980. Uzuri wa Kerberos ni kwamba nenosiri halisafiri mtandaoni. Mtumiaji hupewa tiketi yenye muda maalumu, naye huionyesha kwa huduma nyingine bila kuandika nenosiri tena.

Kwa kuwa tiketi ina muda, saa za kompyuta na seva lazima zilingane. Kiwango cha kawaida ni tofauti isiyozidi dakika 5. Zaidi ya hapo ombi linaweza kukataliwa hata kama nenosiri ni sahihi. Kompyuta kuukuu ambayo kibetri cha bodi kuu kimekufa hurudi nyuma miaka kila inapozimwa. Nyingine imeachwa kwenye majira ya Greenwich, mtu akaisogeza kwa mkono ionyeshe saa ya Dar es Salaam: kwa macho iko sawa, kwa Kerberos imekosea saa 3.

Kujiunga

Seva inaweza kuwa Active Directory ya Windows, au Samba, ambayo tangu toleo la 4.0 la Desemba 2012 inaweza kufanya kazi hiyo bila leseni ya Windows. Kompyuta ielekezwe kwenye DNS ya mtandao wa shule, saa ilinganishwe, kisha msimamizi aandike realm join shule.lan. Amri hii huifungulia kompyuta yenyewe akaunti kwenye seva. Mwishowe huwashwa pam_mkhomedir, ili mwanafunzi anayeingia mara ya kwanza atengenezewe saraka yake.

SSSD ikiruhusiwa kutunza kumbukumbu, aliyewahi kuingia kwenye kompyuta hiyo ataingia hata seva ikizimika. Hasara yake ni kwamba akaunti iliyofungwa leo inaweza bado kukubaliwa na kompyuta isiyofikia seva.

Swali la mfano

Halima hajawahi kukalia kompyuta ya 20. Akijaribu kuingia, anakataliwa. Msimamizi anaingia kwa akaunti ya ndani na kuandika getent passwd halima, hakuna kinachotokea. Intaneti inafanya kazi. Seva inaitika kwa anwani ya IP lakini haiitiki kwa jina. DNS ya kompyuta hiyo imewekwa 8.8.8.8.
(a) Ni swali lipi kati ya mawili limekwama? (alama 1)
(b) Eleza chanzo na marekebisho. (alama 3)
(c) Kwa nini kumbadilishia Halima nenosiri hakutasaidia? (alama 2)

Majibu

(a) La utambulisho, kwa sababu getent haikuleta mstari wowote.
(b) 8.8.8.8 ni DNS ya nje. Inazijua tovuti za dunia lakini haiijui shule.lan. SSSD haiwezi kuipata seva. Iwekwe anwani ya DNS ya shule, kisha getent irudiwe.
(c) Kompyuta haimjui Halima ni nani, hivyo nenosiri lake halijafika kwa seva kukaguliwa. Ukijibu "huenda amekosea nenosiri" hupati alama.